Mbeya hadi Morogoro kwa baiskeli, peke yake: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki ni cha mwanamume wa makamo ya ujana, mwajiriwa, mwenye afya nzuri, aliyepanga kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa baiskeli bila mwenzake. Baada ya safari nilikaa naye tukapitia daftari lake ukurasa kwa ukurasa, kisha nikazungumza na dada yake, ambaye ana sehemu kubwa katika kisa hiki kuliko yeye mwenyewe anavyodhani. Jina, kazi na mwaka nimeviondoa. Majina ya miji nimeyaacha, kwa sababu bila barabara yenyewe mtu hawezi kuelewa kwa nini mambo yalikwenda yalivyokwenda. Kitongoji alikosaidiwa sikitaji.

Ninaandika kwa ajili ya wale wanaonijia na baiskeli zao kutaka kuziandaa kwa safari ndefu. Karibu wote huniuliza kuhusu matairi, na ni wachache wanaouliza habari za maamuzi.

Usuli

Barabara ya TANZAM, barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ina takribani kilomita 830. Msafiri wetu alipanga siku kumi za kuendesha na siku mbili za kupumzika, akaenda mwezi wa Agosti kwa sababu mvua hakuna. Baiskeli yake ilikuwa ya mtumba, fremu ya chuma, gia 21, breki za kubana ringi, matairi mapana ya inchi 26. Ilikuwa chaguo zuri, maana fremu ya chuma ikipasuka fundi yeyote wa kuchomelea ataiunga, na tairi la inchi 26 linapatikana kila mji. Mzigo ulikuwa kilo 24, wote juu ya keria ya nyuma.

Alichagua kuanzia Mbeya kwa hesabu moja: Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Dar es Salaam iko pwani, kwa hiyo safari nzima ni mteremko. Hesabu hii nimeisikia kwa watu wengi.

Kabla ya kuondoka aliandika masharti matano nyuma ya jalada la daftari. Hataendesha gizani. Hatapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa baiskeli, atapakia gari. Atalala mjini au katika kijiji alikojitambulisha kwa mwenyekiti. Hatapitisha saa mbili bila kula. Na kila siku saa moja jioni atampigia dada yake mkubwa. Asipopiga, dada atapiga yeye, na simu isipopokelewa ndani ya nusu saa, dada ataanza kutafuta msaada kuanzia mji aliotajiwa mara ya mwisho. Sharti hili la tano ni la dada. Alikataa kumpa baraka ya safari bila hilo.

Mbeya hadi Makambako

Siku ya kwanza ilimpa picha isiyo sahihi. Kutoka Uyole kupita Inyala, Igurusi na Chimala barabara inashuka kuelekea tambarare za Usangu, kwenye mashamba ya mpunga. Alifika Chimala kabla ya chakula cha mchana, akaandika kwamba akitaka anaweza kufika Dar kwa siku nane.

Baada ya Igawa barabara inageuka na kuanza kupanda tena kuelekea Makambako. Hapo mita nyingi alizozishuka akazirudisha moja moja. Na Agosti ni wakati wa kusi: upepo unatoka kusini mashariki, yeye anaelekea mashariki, kwa hiyo ulimpiga usoni kutwa nzima. Mlima unaona mwisho wake, upepo huna pa kuuona. Saa tisa alasiri alikuwa bado yuko mbali na Makambako, akafanya uamuzi ambao naona ni wa kupongezwa: aliacha barabara, akauliza nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, akaonyesha kitambulisho, akapewa chumba katika nyumba ya mtendaji. Makambako akaifikia kesho yake asubuhi.

Nilimuuliza kilichomsaidia kusimama siku ile. Alisema alikuwa amechoka sana kiasi kwamba hakuwa na cha kubishania. Jibu hilo tulikumbuke, maana siku ya Ruaha Mbuyuni, ambayo nitaifikia mbele, hali ilikuwa kinyume.

Baridi, spoku na vidole vya ganzi

Kati ya Makambako na Mafinga asubuhi za Agosti ni za baridi kali, na yeye alibeba nguo za pwani. Alinunua sweta na glavu za sufu sokoni, jambo likaisha.

Spoku ilikatika kabla ya Nyororo, gurudumu la nyuma, upande wa friwili, yaani wa gia za nyuma. Ndiko zinakokatikia siku zote mzigo ukiwa wote nyuma, kwa sababu spoku za upande ule zimekazwa zaidi ya zenzake. Alikuwa na spoku nne za akiba zenye urefu sahihi, amezifunga kwenye fremu kwa mkanda. Hakuwa na kifungulio cha friwili, na bila kuitoa friwili spoku ya upande ule haiingii. Akafungua breki ya nyuma ili ringi iliyopinda isisugue, akaenda polepole hadi Mafinga akitegemea breki ya mbele tu. Fundi wa kwanza alikuwa na vifungulio vya baiskeli za Phoenix peke yake. Wa pili, karibu na yadi za mbao, alikuwa nacho. Kifungulio hicho kinaingia mfukoni, nami sasa simruhusu mtu aondoke kwangu bila kununua cha aina ya friwili yake.

Shida ya vidole ilikuwa ya hatari zaidi ingawa haikuonekana. Kidole cha mwisho na cha pete vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi, na kufikia Ifunda alishindwa kushika sindano kuziba begi. Neva inayohudumia vidole hivyo viwili inapita kwenye kiganja, upande wa kidole kidogo, pale pale mtu anapoegemea usukani. Ikibanwa siku nyingi, ganzi inakuwa udhaifu wa mkono, na mkono dhaifu haubani breki. Alikuwa bado hajashuka mlima wa Kitonga.

Iringa: uamuzi wa kupunguza

Iringa alikaa siku tatu badala ya moja. Alipandisha usukani kwa sentimita kadhaa ili uzito wa mwili urudi kwenye kiti, akaukunjia vipande vya tyubu kuukuu kama mto, akabadilisha mipira ya breki yote minne ingawa ya zamani ilikuwa bado ina maisha. Kisha akamwaga mzigo wote kitandani na kutenga kila ambacho hakukigusa tangu Mbeya: sufuria ya pili, suruali mbili za jinzi, vitabu, viatu vya ngozi. Kilo tisa zikapanda basi kama kifurushi kwenda Dar.

Hakuna fedha aliyoitumia vizuri kuliko nauli ya kile kifurushi. Ila siku zile tatu zilizaa kitu kingine. Alikuwa amewaahidi wafanyakazi wenzake kuwa atafika Jumamosi, nao walikuwa wamepanga kumpokea Kibaha. Ratiba sasa ilikuwa imebana. Aliandika: “Nikipata siku moja ndefu baada ya Kitonga, nitafidia.” Sentensi hiyo aliiandika mezani, akiwa ameshiba na kupumzika. Wala hakumwambia dada yake.

Kitonga

Alilala Ilula, mji wa nyanya na vitunguu, akaondoka mapema ili aushuke mlima kabla malori hayajajaa. Kitonga ni barabara nyembamba iliyochimbwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Malori ya Zambia na Kongo hushuka kwa gia nzito, na yakifeli breki hakuna pa kukimbilia.

Alifanya mambo matatu pale juu. Kwanza alisubiri malori yaliyokuwa nyuma yake yapite, kisha akashuka katika nafasi iliyobaki wazi, ili asiwe na lori mgongoni. Pili, hakushikilia breki mfululizo. Breki za ringi zikibanwa bila kuachia, ringi inapata moto, hewa ndani ya tyubu inatanuka, na kiraka cha zamani kinaweza kuachia gundi yake katikati ya kona. Alikuwa anabana kwa nguvu muda mfupi, anaachia, anabana tena. Tatu, alisimama kila alipopata upenyo wa kutoka nje ya lami, akasogeza kidole karibu na ringi, na ikiwa bado ina joto alisubiri. Kona mbili alizoona ni mbaya alizipita akikokota.

Sina la kuongeza hapo. Alifanya kama nilivyotamani kila mtu afanye, na alifika chini mzima, amechangamka, saa nne asubuhi.

Ruaha Mbuyuni, saa saba mchana

Chini ya Kitonga ni nchi nyingine. Bonde la Ruaha Mkuu ni la chini, kavu, limejaa mibuyu, na joto lake linamshtua mtu aliyelala Ilula kwa blanketi mbili. Aliingia Ruaha Mbuyuni saa tano. Mpango ulisema atalala hapo. Gesti zipo, chakula kipo, na kutoka hapo hadi Mikumi mjini ni zaidi ya kilomita 70 zenye vilima vya Iyovi katikati.

Alikunywa soda mbili na maji mengi, akala kidogo kwa sababu joto lilimkatisha hamu. Akakaa kivulini saa mbili. Kichwa kilianza kuuma, akadhani ni jua. Saa saba alisimama, akajaza chupa zote maji matupu, akaondoka kwenda Mikumi.

Nimemuuliza mara nyingi ilikuwaje. Maelezo yake ni ya kweli na yana mafunzo: miguu ilikuwa haijachoka, kwa sababu asubuhi nzima aliteremka. Ratiba ilikuwa inamsubiri. Na sharti lilisema asiendeshe gizani, wakati pale palikuwa na jua linalochoma. Kwa macho yake hakuwa anavunja sharti lolote.

Kwenye miinuko ya kuelekea Iyovi nguvu zilimwisha ghafla. Alikunywa maji kila alipopata kiu, na kiu haikuisha. Saa kumi alitapika. Alipumzika, akaendelea, akatapika tena, akaanza kukokota. Giza lilimkuta katikati ya vilima, amekaa chini ya mti, taa ya nyuma imezimwa “ili kutunza betri”. Malori yalikuwa yanapita mita chache kutoka miguuni mwake.

Simu

Saa moja na robo dada alipiga. Alianza kwa kumwuliza amekula nini Mbuyuni. Mdogo wake akajibu kwamba yupo kwenye mti. Mti gani? Hakujua. Dada akamwomba amsomee namba ya bango lililo karibu, naye akasema ataisoma kesho. Dada si mtu wa hospitali, lakini anamjua mdogo wake, na alisikia kwamba sauti ile haikuwa ya uchovu.

“Mdogo wangu, usipande tena hiyo baiskeli. Washa taa yako, sogea mbali na lami, simamisha mtu yeyote. Mimi sikati simu.”

Hakukata. Bodaboda wa tatu alisimama, naye dada akazungumza naye moja kwa moja, akamweleza mgonjwa ni nani na ametoka wapi. Kijana yule alimpeleka kwa mzee mmoja wa kitongoji cha jirani, akarudi kuichukua baiskeli na mwenzake. Msafiri anakumbuka alimwamkia mzee shikamoo na kisha hakumbuki mengi. Walimnywesha uji mwepesi wenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, usiku kucha. Asubuhi alipelekwa zahanati. Kipimo cha malaria kilikuwa hakina kitu. Mganga alisema mwili umepungukiwa maji na chumvi kwa joto, akampa ORS, dawa ya kuchanganya na maji ya kunywa inayorudisha maji na chumvi mwilini, na kumwamuru apumzike.

Mikumi na mwisho wa safari

Alipumzika Mikumi mjini siku mbili. Barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa takribani kilomita 50, na tembo, nyati na simba hawajui kwamba lami si yao. Alipakia baiskeli kwenye pikapu hadi Doma, kama sharti lilivyosema. Kuna waendeshaji wanaoona hilo ni kuharibu safari. Mimi siafikiani nao hata kidogo: lori lina bodi ya chuma, mwendesha baiskeli ana fulana.

Kutoka Doma aliendesha kwa siku mbili fupi hadi Morogoro, akasimama hapo. Kipande cha Morogoro, Chalinze na Kibaha kina msongamano mkubwa wa mabasi na malori, vidole viwili vilikuwa bado vina ganzi, na Jumamosi ilishapita. Alipanda basi.

Matokeo

Aliendesha zaidi ya kilomita 500 kati ya 830. Ganzi ya vidole iliisha baada ya wiki kadhaa. Baiskeli ilirudi nzima. Wenzake walimpokea, ila kituo cha basi badala ya Kibaha.

Uchambuzi: sharti lililoshika na lililopinda

Ukiyaangalia masharti matano, yote yalikuwa mazuri. Kilichoyatofautisha ni nani aliyekuwa ameyashika. Sharti la giza lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo saa saba mchana pale Mbuyuni alikuwa na kichwa kinachouma, tumbo tupu na ahadi ya Jumamosi. Sharti la simu lilikuwa mikononi mwa mtu aliyekuwa ameshiba, amekaa nyumbani, hana haraka ya kwenda popote. Hilo ndilo lililomwokoa.

Wanaosafiri wawili wana faida hii bila kuiomba. Mmoja akisema “twende Mikumi”, mwingine anamtazama usoni na kusema “wewe umekuwa mwekundu macho, tulale.” Anayesafiri peke yake hana wa kumtazama. Upungufu wa maji na chumvi unaweza kuharibu uamuzi wakati miguu bado ina nguvu, na anayeamua ndiye huyo huyo aliyeathirika. Ndiyo maana uchovu wa Igawa ulimlinda na miguu mizima ya Mbuyuni ikamponza.

Sharti la giza lilikuwa na kasoro nyingine, ya jinsi lilivyoandikwa. Lilikataza kuwa barabarani usiku, lakini uamuzi wa kuwa barabarani usiku haufanywi usiku, unafanywa mchana wakati wa kuondoka. Giza likishaingia hakuna tena cha kuamua. Sharti linalofanya kazi linataja saa ya kuondoka: baada ya saa sita mchana sianzi kipande ambacho sina hakika ya kukimaliza saa kumi. Mtu aliyechoka hawezi kubishana na saa ya ukutani.

Sharti la simu nalo lilikuwa na tundu, na tundu hilo lingeweza kuwa kaburi. Dada aliamini mdogo wake yuko Mbuyuni. Laiti simu ingeishiwa chaji, au angekaa mahali pasipo na mtandao, jambo la kawaida katika vilima vile, msaada ungeanzia kumtafuta gesti kwa gesti nyuma yake, huku yeye yuko mbele kwenye giza. Kubadilisha mpango si kosa. Kubadilisha mpango kimya kimya ndiyo hatari, na ujumbe mfupi kutoka Mbuyuni ungetosha. Zaidi ya hapo, nina uhakika dada angemkatalia.

Kuhusu maji, watu wengi bado wanaamini kwamba dawa ya joto ni kunywa zaidi. Jasho linatoa maji pamoja na chumvi. Ukirudisha maji matupu peke yake, lita juu ya lita, huku huli, chumvi ya damu inazidi kupungua, na dalili zake ni zile zile alizokuwa nazo: kichwa, kichefuchefu, kutapika, kuchanganyikiwa. Vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vya kuchanganya katika lita 1 ya maji safi, au paketi za ORS za duka la dawa, ni mzigo usiofika robo kilo. Sharti la kula kila saa mbili lilivunjwa pia siku ile, na halikuandikwa popote kwenye daftari kwamba limevunjwa. Supu na chapati za mama lishe pale Mbuyuni zingebadilisha mchana wake.

Uelekeo wa safari nao naupa uzito kuliko anavyoupa yeye. Atokaye Dar kwenda Mbeya mwezi wa Agosti anapanda Kitonga badala ya kuishuka, na kupanda kunachosha, lakini kusi haimpigi usoni kati ya Igawa na Makambako, wala haingii bonde la joto ghafla kutoka kwenye baridi. Mteremko wa kwenye ramani ulimpa siku moja nzuri na kumlipisha nyingine nne.

Anataka kurudi kumaliza kipande kilichobaki, kisha afanye Iringa hadi Mikumi upya. Masharti mapya tumeyaandika pamoja, sita, na nakala yake ipo ukutani jikoni kwa dada. La kwanza linasema kwamba mpango wa siku haubadiliki mpaka dada ajibu. La pili linasema Ruaha Mbuyuni ni kulala, na kuondoka ni saa kumi na mbili asubuhi.